Mizunguko maradufu, mshale palepale

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia Kidato cha Nne katika shule ya kata. Maabara yetu ina galvanometa moja, kile kifaa ambacho mshale wake husogea umeme ukipita (nyuma imeandikwa omu 50), na sumaku mbili ndefu. Koili tumejitengenezea wenyewe kwenye vipande vya bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 4, kwa waya mwembamba kama unywele, milimita 0.1, tuliouchomoa kwenye transfoma za redio mbovu. Tulipotumbukiza sumaku kwenye koili ya mizunguko 200, mshale ulisogea vigawanyo 6. Kwenye koili ya mizunguko 400 ukasogea 8, na kwenye ya 600 ukafika 9. Vitabu vinasema mizunguko ikiwa maradufu, umeme nao unakuwa maradufu. Tena kijana mmoja akaisukuma sumaku kwa nguvu zake zote, mshale ukabaki kwenye 6 ileile. Sumaku ikitulia ndani ya koili, sifuri. Sasa wanafunzi wanasema umeme ulikuwa ndani ya sumaku na ukishamwagika umekwisha. Kosa letu liko wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Namba zako nilizisoma nikiwa kwenye daladala, nikashindwa kusubiri kufika nyumbani. Nikazipigia hesabu nyuma ya risiti ya duka. Zikatoka 6, 7.9 na 8.8. Yaani vifaa vyako vimetoa kile hasa vilichopaswa kutoa. Ungeniletea 6, 12, 18 kwa waya huo na galvanometa hiyo, ningejua mmepika.

Na mpishi humtambua mpishi mwenzake. Mwaka wangu wa kwanza kazini koili zangu ziligoma vilevile, mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, nikawaambia wanafunzi waandike 5, 10, 15. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa adabu kabisa: mwalimu, tuandike tulichokiona au tulichotakiwa kukiona? Nilijifanya sikusikia. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba mshale ule haukuwa umekosea. Ulikuwa unajibu swali ambalo sikuliuliza.

Tuanze na mizunguko, maana ndiko kwenye utamu.

Sumaku inapoingia ndani ya koili, kila mzunguko wa waya unapata msukumo wake mdogo wa umeme, na misukumo hiyo hujumlishana kwa sababu mizunguko imefuatana kwenye waya mmoja. Msukumo huo ndio volti. Mizunguko 400 kweli inatoa volti maradufu ya mizunguko 200, ikiwa sumaku ni ileile na imeingia kwa mwendo uleule. Hapo kitabu kiko sahihi. Lakini galvanometa haisomi volti, inasoma mkondo, na mkondo ni volti iliyogawanywa kwa ukinzani (ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu) wa njia nzima: waya wa koili pamoja na galvanometa yenyewe. Ulipoongeza mizunguko uliongeza volti, na papo hapo ukaongeza urefu wa waya, na kwa hiyo ukinzani. Fikiria mtu anayeongeza pampu ya pili ili apate maji mengi, lakini kila pampu inakuja na mpira wake mwembamba, na maji yote lazima yapite kwenye mipira yote miwili. Msukumo umeongezeka, njia nayo imekuwa ngumu zaidi.

Sasa tuingize namba zako. Mzunguko mmoja kwenye bomba la sentimita 4 unakula waya wa sentimita 12.6 hivi, kwa hiyo mizunguko 200 ni mita 25. Waya wa shaba wa milimita 0.1 una ukinzani wa zaidi kidogo ya omu 2 kwa kila mita. Koili yako ya kwanza basi ina omu kama 54, ambazo ni nyingi kuliko galvanometa yenyewe. Ukijumlisha na omu 50 za galvanometa, njia nzima ni omu 104. Koili ya 400 inakupa 108 na 50, jumla 158. Ya 600 inakupa 162 na 50, jumla 212. Volti zimekwenda mara 1, mara 2, mara 3. Ukinzani umekwenda 104, 158, 212. Chukua ile 6 ya kwanza, izidishe kwa 2, kisha kwa 104, gawanya kwa 158: 7.9. Fanya hivyohivyo kwa ya tatu: 8.8. Wanafunzi wako walisoma 8 na 9. Wape maksi zao zote.

Tena angalia jambo hili linavyoelekea. Ukiendelea na waya huohuo hadi mizunguko 2000, ukinzani wa galvanometa unakuwa si kitu mbele ya ukinzani wa koili, na mshale unakaribia ukomo ambao hautauvuka hata ujaze bomba zima. Kwa hesabu hiyohiyo ukomo wenyewe ni kama vigawanyo 11 na nusu. Wapo walimu waliopoteza kilo nzima ya waya kwa kutojua hili.

Dawa ya kwanza haina gharama, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Usibadilishe koili kwenye saketi. Chukua koili ya 200 na ya 400, ziunganishe zifuatane, kisha uziunganishe na galvanometa, na ziache hapo muda wote wa jaribio. Zitenganishe mezani kwa hatua moja hivi, sumaku inayoingia kwenye moja isiifikie nyingine. Njia nzima sasa ina omu 212 daima, uchezee koili hii au ile. Tumbukiza sumaku kwenye koili ya 200, utaona vigawanyo 3 hivi. Itumbukize kwa mwendo uleule kwenye koili ya 400, utaona 6 hivi. Mshale umepungua kwa jumla, hilo tumelilipa, lakini umaradufu umeonekana kwa macho, kwa waya uleule wa redio mbovu. Ukiwauliza wanafunzi kwa nini koili ambayo haikuguswa na sumaku nayo lazima iwemo kwenye saketi, utajua mara moja nani ameelewa na nani amekariri.

Dawa ya pili ni waya mnene. Waya wa milimita 0.4 una eneo mara 16 ya huo wako, kwa hiyo mizunguko 200 inakuwa na omu 3.4 tu. Kwenye galvanometa ya omu 50 hicho ni kidogo mno, na mshale utakaribia kufuata mizunguko: mara 1, mara 1.9, mara 2.7. Sogea kwa mafundi wanaosuka mota za pampu na feni. Huwa wanabakiwa na vipande vya mita ishirini, thelathini, ambavyo havitoshi mota yoyote. Mara nyingi mwalimu akijieleza vizuri anapewa bure. Angalia tu usipewe waya uliotoka kwenye mota iliyoungua, maana vanishi yake, ile ngozi inayozuia shaba isigusane, imeshakuwa mkaa na mizunguko itagusana.

Nikiwa hapo kwenye vanishi: ncha za waya zikwangue kwa msasa mpaka shaba ing'ae, pande zote za waya na si upande mmoja. Koili zilizoletwa kwangu zikiwa “hazifanyi kazi”, nyingi zilikuwa na tatizo hilo na si jingine. Pima kwa multimita upande wa omu kabla hujaanza. Koili yako ya 200 ikisoma karibu na 54, nzuri. Ikigoma kabisa kusoma, waya umekatika au vanishi haijatoka. Ikisoma 30, kuna mizunguko inayogusana na haikusaidii kitu.

Nimefika kwa yule kijana aliyesukuma kwa nguvu zake zote. Huyu naomba umpe hongera mbele ya wenzake, kwa sababu amegundua kitu ambacho wengi tulikisoma chuoni tukakisahau.

Volti inayozaliwa hufuata kasi ya mabadiliko. Sumaku ikiingia kwa nusu ya muda, volti ni maradufu. Hilo halina ubishi. Lakini mshale wa galvanometa ni kitu chenye uzito, umefungwa kwenye springi nyembamba, na kwenda upande mmoja na kurudi huchukua sekunde moja au mbili. Ukiingiza sumaku polepole, kwa sekunde tatu nzima, mshale unao muda wa kuufuata mkondo na unaonyesha mkondo halisi wa wakati ule, ambao ni mdogo. Ukiingiza kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mkondo unakuja na kupotea kabla mshale haujaondoka vizuri kwenye sifuri. Mshale unapokea kofi moja tu, kisha unasafiri wenyewe kwa nguvu ya lile kofi. Na ukubwa wa kofi hautegemei kasi. Unategemea chaji yote iliyopita, yaani jumla ya umeme uliopita tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua ndoo. Fungua bomba kikamilifu kwa sekunde moja, au lifungue nusu kwa sekunde mbili: maji ndani ya ndoo ni yaleyale. Kijana wako aliongeza mkondo maradufu na papo hapo akapunguza muda kwa nusu. Chaji iliyopita haikubadilika, na mshale ukarudi kwenye 6 yake. Wahandisi wa zamani walitengeneza galvanometa maalumu zenye mshale mzito na mvivu kusudi, kwa ajili ya kupima chaji kwa njia hiyo. Yako imejikuta inafanya kazi hiyo bila kuajiriwa.

Kwa hiyo kwa galvanometa unaweza kuonyesha athari ya kasi pale tu mwendo unapokuwa wa chini. Hesabu kwa sauti: sekunde sita, kisha sekunde tatu, kisha moja na nusu. Hapo mshale utapanda kila mara. Ukivuka chini ya nusu sekunde, umeingia eneo la kofi na hautapanda tena.

Jambo jingine linalotokana na hilo: usiiachie sumaku ipite koili na kutokea upande wa pili ukitegemea kusoma kitu. Inapoingia, chaji inapita upande mmoja; inapotoka kule chini, chaji ileile inarudi upande wa pili. Mshale unapigwa makofi mawili yanayopingana ndani ya kufumba na kufumbua, unatetemeka tu kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa mpigo. Weka kitambaa chini ili sumaku ikomee katikati ya koili.

Na ukijaribu multimita ya kidijitali badala ya galvanometa, itakuudhi zaidi. Zile za bei ya chini husoma mara mbili au tatu kwa sekunde. Umeme wa sumaku inayoanguka unaisha ndani ya milisekunde kumi au ishirini. Mara itaonyesha 0.02, mara 0.31, mara sifuri, kutegemea bahati ya wakati ilipochungulia.

Lakini multimita hiyohiyo ukiipa vitu viwili vya kutoa kwenye redio mbovu, inakuwa kifaa bora kuliko galvanometa kwa jaribio la kasi. Vitu hivyo ni dayodi moja ya kawaida na kapasita ya mikrofaradi 10. Unganisha ncha moja ya koili kwenye dayodi, dayodi iende kwenye mguu chanya wa kapasita, mguu hasi urudi kwenye ncha ya pili ya koili. Multimita iunganishe kwenye miguu ya kapasita, upande wa volti za mkondo mnyoofu. Umeme wa koili unaingia kwenye kapasita kupitia dayodi na kuijaza mpaka kilele cha volti. Volti ya koili ikishuka, dayodi inakataa kuurudisha. Kapasita inakaa na kile kilele kama mtu anayekushikia pesa mpaka ufike. Kupitia multimita ya kawaida huvuja kama sehemu ya kumi kila sekunde, kwa hiyo soma namba kubwa ya kwanza utakayoiona. Kabla ya kurudia, gusanisha miguu ya kapasita kwa kipande cha waya ili ianze na sifuri.

Sumaku zako ndefu hazitatosha kwa hili. Zile za shule, hasa zilizokwisha anguka sakafuni mara mia, kwa koili pana ya sentimita 4 hazitatoa hata nusu volti, na dayodi inadai volti 0.6 kabla haijafungua mlango. Unahitaji sumaku za neodimi, vile vidonge vidogo vya kung'aa vyenye nguvu za ajabu. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Panga vinne au vitano viwe kama kijiti. Suka mizunguko 600 ya ule waya mwembamba kwenye bomba la plastiki ambalo sumaku inapita bila kukwama na bila kuyumba sana, na usuke yote ndani ya urefu wa sentimita 2, kwa sababu koili ndefu inachanganya mambo: ncha moja ya sumaku inakuwa inaingia huku nyingine inatoka. (Vidonge hivyo mwanafunzi asiviweke mdomoni hata kwa mzaha. Viwili vikimezwa hunaswa pamoja kupitia kuta za utumbo, na hapo ni upasuaji.)

Simamisha bomba wima. Achia sumaku kutoka sentimita 10 juu ya koili, kisha kutoka sentimita 40. Kitu kinachoanguka sentimita 10 kinafika na kasi ya mita 1.4 kwa sekunde. Kutoka sentimita 40 kinafika na mita 2.8. Urefu mara nne, kasi mara mbili, na hapo wanafunzi wanakumbushwa somo la mwendo la Kidato cha Pili bila kuombwa. Volti inapaswa kuwa mara mbili. Ila mtego upo: kila namba unayoisoma imekatwa volti 0.6 na dayodi. Tuseme multimita imesoma 1.4, kisha 3.4. Asiyejua atagawanya na kupata karibu mara 2 na nusu, aanze kutilia shaka sheria. Rudishia dayodi ushuru wake: 2.0 na 4.0.

Hapa pia mizunguko itakutii hata kwa waya mwembamba. Kapasita ikishajaa hakuna mkondo unaoendelea kupita, na ukinzani wa koili unakosa cha kuzuia. Suka koili ya 300 na ya 600 kwenye bomba lilelile, achia sumaku kutoka urefu uleule, rudishia 0.6, utaona nusu na nzima. Hilo ndilo swali ambalo kitabu kilikuwa kinalijibu tangu mwanzo.

Ya sifuri sasa. Wanafunzi wako hawako peke yao kudhani kwamba sumaku iliyokaa ndani ya koili ingepaswa kuendelea kutoa umeme. Dunia nzima ya wanasayansi ilidhani hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba waya wenye umeme unasogeza sindano ya dira. Kila mtu akafikiri: kama umeme unazaa usumaku, basi usumaku nao utazaa umeme. Wakaweka sumaku karibu na waya na kusubiri. Hakuna kitu.

Kisa kinachoniuma ni cha Daniel Colladon wa Geneva, mwaka 1825. Alikuwa na koili, alikuwa na sumaku kubwa, alikuwa na galvanometa nzuri. Na alikuwa mwangalifu: aliogopa sumaku yake isiuvute mshale moja kwa moja, kwa hiyo akaipeleka galvanometa chumba cha pili kwa nyaya ndefu. Akatumbukiza sumaku, akatembea hadi chumba cha pili, akaangalia mshale. Sifuri. Ulikuwa umesogea na kurudi wakati yeye yuko njiani. Angekuwa na msaidizi mmoja tu wa kukaa na galvanometa, huenda leo tungekuwa tunafundisha sheria ya Colladon.

Heshima ikamwendea Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Tarehe 29 Agosti 1831, katika Royal Institution, London, alikuwa na pete ya chuma ya kipenyo cha sentimita 15 hivi, amesuka koili mbili pande mbili, zimetenganishwa kwa kamba na kitambaa cha kaliko. Alipounganisha koili ya kwanza na betri, sindano karibu na waya wa koili ya pili ikaruka, ikatulia. Alipokata betri ikaruka tena, upande mwingine. Betri ikiwa imeunganishwa na umeme unapita kwa nguvu zake zote, sindano ilikaa kimya. Tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo alifanya jaribio hilihili lako: mrija wa karatasi uliosokotewa waya wa shaba, na sumaku inayosukumwa ndani na kuvutwa nje. Alichokiona ambacho wengine hawakukitafuta ni kwamba kinachohesabiwa ni badiliko. Koili haijali sumaku ni kubwa kiasi gani ndani yake. Inajali sumaku hiyo inaongezeka au inapungua, na kwa haraka gani.

Kwa darasa, pete ya Faraday ni ya kuitaja kwa sababu iko nje ya dirisha lenu, kwenye nguzo. Transfoma ya TANESCO ni koili mbili kwenye chuma kimoja. Hakuna kinachotembea ndani yake, lakini umeme wa gridi unageuka upande mara 100 kila sekunde, kwa hiyo badiliko halikomi na koili ya pili haipati nafasi ya kupumzika. Ukiipa transfoma hiyo umeme wa betri, itashtuka mara moja tu kama sindano ya Faraday, kisha inyamaze na kuanza kuchemka.

Colladon, hata hivyo, alikuwa na hoja kuhusu umbali. Sumaku yenye nguvu ikiwa karibu inaweza kusogeza mshale yenyewe. Weka mita moja na nusu kati ya koili na galvanometa, kisha tikisa sumaku pembeni ya koili huku waya mmoja umechomolewa. Mshale ukitikisika na saketi iko wazi, sogeza zaidi. Na mweke mwanafunzi mmoja amekaa kwenye galvanometa ambaye kazi yake ni kutazama tu.

Nadharia ya kumwagika niliiacha mwisho kwa sababu inastahili kujibiwa kwa jaribio, isizimwe kwa maneno. Waambie hivi: kama umeme ulikuwa ndani ya sumaku na umemwagika, basi sumaku ikivutwa nje mshale usisogee, maana imeshakuwa tupu. Wavute. Mshale utasogea vigawanyo 6 upande wa pili. Warudie mara mia, sumaku haipungui. Kisha geuza kazi: sumaku itulie mezani, koili ndiyo ivalishwe juu yake. Vigawanyo 6 tena.

Kilichotoa umeme ni mkono uliosukuma. Hapa utakwama kidogo, kwa sababu kwa koili zenu nguvu hiyo ni ndogo sana hata mkono hauisikii. Leta baiskeli yenye dainamo. Inua gurudumu, mwanafunzi azungushe pedali kwa mkono huku dainamo imegusishwa kwenye tairi lakini taa imechomolewa. Kisha chomeka taa. Pedali inakuwa nzito palepale. Hakuna kilichobadilika kwenye vyuma. Kilichoongezeka ni njia ya mkondo kupita, na mkondo huo unatengeneza usumaku wake unaoipinga ile sumaku inayozunguka. Heinrich Lenz aliieleza kanuni hiyo mwaka 1834 akiwa Saint Petersburg, lakini kila aliyewahi kupanda kilima usiku na baiskeli yenye taa aliijua kwa mapaja yake.

Kwenye bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni hivyohivyo kwa mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235. Ikifika saa moja jioni na watu wakawasha taa na viyoyozi, mitambo inakuwa mizito kuzungusha, na milango ya maji inalazimika kufunguka zaidi. Maji ndiyo mkono wa yule kijana wako.

Kwa mtihani, wafundishe kutofautisha maneno mawili. Swali likisema volti au msukumo wa umeme, jibu ni kwamba unafuata mizunguko na kasi ya badiliko. Likisema mkondo au usomaji wa galvanometa, lazima ukinzani utajwe. Wengi hupoteza maksi hapo wakiwa wanajua kila kitu.

Na kabla hujafunga kabati leo, hizo sumaku mbili ndefu, ili zisipoteze nguvu, zilaze sambamba, kaskazini ya moja ielekee kusini ya nyingine, katikati weka kipande cha mbao, na kila upande wa ncha fungia kipande cha chuma laini kinachozigusa zote mbili. Msumari mnene uliopondwa unatosha.